Godoro la asili: Lipia kilo, usilipie kitambaa

Na Mwandishi Wetu

ANAYENUNUA mchele hutia mkono ndani ya gunia. Anayenunua kitenge hukinyoosha mwangani akatazama nyuzi. Lakini anayenunua godoro, bidhaa ambayo huenda ikamla mshahara wa mwezi mzima, hulipia kitu asichokiona. Anachoonyeshwa ni kitambaa. Anachouziwa kimo ndani, na kimeshonwa pande zote nne.

Kwa godoro la kawaida la sponji hasara hiyo ina kikomo, kwani bei yenyewe si kubwa sana. Kwa godoro la vitu vya asili, yaani usufi, pamba, makumbi ya nazi au mpira wa utomvu, mambo ni mengine. Bei yake iko juu, na ni rahisi mno kuchanganya mali safi na takataka bila mnunuzi kugundua mpaka miezi kadhaa imepita na godoro limefanya shimo katikati.

Wanandoa wanaoanza maisha, mwenye nyumba ya wageni Bagamoyo au Zanzibar anayetaka kuvutia watalii, na mzee mwenye maumivu ya kiuno wote wanakabiliwa na swali moja: je, fedha ninayotoa inalingana na kilichomo ndani? Jibu la ukurasa huu ni kwamba godoro la asili linunuliwe kama zinavyonunuliwa pamba na karafuu, yaani kwa aina, kwa daraja na kwa kilo. Maua ya kitambaa na maneno ya muuzaji yaje baadaye.

Usufi ulivyotoka sokoni

Kabla ya sponji, usufi ulikuwa bidhaa ya dunia. Nyuzi zake zina uwazi ndani kama mrija na zimepakwa nta ya asili, kwa hiyo sehemu kubwa ya kila unyuzi ni hewa na maji hayaingii kwa urahisi. Kwa sababu hiyo ulijazwa katika magodoro na mito, na pia katika makoti ya kuokolea maisha baharini. Kisiwa cha Java ndicho kilichokuwa ghala kuu la biashara hiyo. Japani ilipoiteka Java mwaka 1942, Marekani ilikosa usufi kiasi kwamba watoto wa shule walitumwa mashambani kuokota nyuzi za magugu ya porini ili makoti ya wanamaji yapate kujazwa.

Baada ya vita hiyo usufi haukurudia enzi yake. Sponji, ambayo kemia yake ilivumbuliwa Ujerumani mwaka 1937 na Otto Bayer na wenzake, iliingia sokoni kwa nguvu katika miaka ya 1950. Hutengenezwa kiwandani kwa mabonge makubwa, hukatwa kwa msumeno kwa unene wowote, na ni nyepesi kusafirisha. Fundi wa kujaza godoro kwa mkono hakuweza kushindana nayo kwa bei.

Hata hivyo magodoro ya asili hayakufa. Pwani ya Afrika Mashariki misufi bado inaonekana vijijini na kando ya barabara, na mafundi wa kujaza magodoro na mito bado wapo. Upande mwingine, matajiri wa Ulaya na Marekani wamerudia vitu vya asili kwa bei ya juu sana, na hoteli za kitalii zimefuata mkondo huo. Hivyo basi mnunuzi wa leo hukuta masoko mawili: la fundi wa mtaani na la duka la bidhaa za nje. Udanganyifu upo katika yote mawili, ila sura zake hazifanani.

Usufi, pamba na majaribio yake

Kwanza mnunuzi asichanganye majina. Usufi, ambao wengine huuita sufi, hutoka katika tunda la mti wa msufi. Sufu hutoka kwa kondoo. Wapo wauzaji wanaonufaika na kufanana kwa maneno hayo mawili.

Sifa ya usufi ni wepesi na ubaridi. Nyuzi zake ni fupi na zinateleza, hazisokoteki kwa urahisi kuwa uzi, kwa hiyo kazi yake kubwa ni kujazia. Godoro lake halishiki joto la mwili kama sponji, jambo ambalo mkazi wa Tanga au Mombasa ataliona mwezi wa Februari. Kasoro zake ni tatu. Kwanza, nyuzi husagika na kulala polepole, godoro likashuka. Pili, vumbi lake huwasumbua wenye pumu. Tatu, hushika moto upesi sana, kwa hiyo sigara, mshumaa na kibatari vikae mbali na kitanda.

Daraja la usufi hupimwa kwa usafi. Tunda lina mbegu na kiini kigumu, navyo lazima vitolewe. Mbegu zina mafuta. Zikibaki ndani huwaita panya na wadudu, na huongeza uzito ambao mnunuzi ataulipia kama usufi. Chukua konzi moja uifikiche kiganjani. Ukihisi punje, mali haijachambuliwa.

Pamba ni nzito kuliko usufi na hulala kwa ugumu zaidi. Tanzania ina pamba ya kutosha, nyingi ikitoka kanda ya Ziwa na mikoa jirani, hasa Simiyu, Shinyanga, Mwanza na Geita. Pamba mbegu ikichambuliwa kiwandani, takriban theluthi moja ya uzito wake ndiyo nyuzi, na zilizobaki ni mbegu. Nyuzi ndefu hupelekwa kwenye viwanda vya uzi au nchi za nje. Kinachofika kwa fundi wa magodoro kwa kawaida ni nyuzi fupi na mabaki ya viwanda vya uzi. Hilo peke yake si kosa, ilimradi ni safi, ni nyeupe na haina harufu. Kosa ni pale vitambaa chakavu vinaposagwa, vikajazwa ndani na kuuzwa kwa jina la pamba. Mali hiyo hutambulika kwa rangi zake: vinyuzi vyekundu, vya buluu na vyeusi vimechanganyika kama vumbi la cherehani.

Yapo majaribio mawili ambayo mnunuzi anaweza kuyafanya mwenyewe kwa konzi ndogo ya nyuzi, kabla mfuko haujashonwa.

Jaribio la kwanza ni la maji. Weka nyuzi katika ndoo. Usufi safi huelea na kukaa juu. Pamba iliyopaushwa na nyuzi za nguo chakavu hunywa maji na kuzama.

La pili ni la moto, na lifanyike nje, mbali na mzigo. Shika vinyuzi vichache kwa koleo uviwashe. Usufi na pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Nyuzi za plastiki, ambazo siku hizi hujazwa katika mito mingi, huyeyuka, hunyweana, na zikipoa huacha kitone kigumu.

Fundi mwaminifu hatachukia majaribio hayo. Anayekataa kukuonyesha gunia lake kabla ya kujaza amekwisha kukupa jibu.

Makumbi na katani: nguzo za chini

Makumbi hayatoi starehe yakilaliwa peke yake, lakini kwa kubeba mwili yana nguvu. Visiwani Zanzibar akina mama hufukia maganda ya nazi katika mashimo ya ufukweni, maji chumvi yakaingia na kutoka kwa miezi mingi, kisha huyaponda kwa rungu mpaka nyuzi zibaki. Nyuzi hizo ni ngumu, hazipendwi sana na wadudu, na hupitisha hewa vizuri. Kwa kadiri ya biashara, maganda 10 au zaidi ndiyo hutoa kilo moja ya nyuzi.

India na Sri Lanka hupeleka mbele kazi hiyo. Nyuzi za makumbi hunyunyiziwa utomvu wa mpira, hubanwa na kupikwa zikawa bamba linalonesa. Bamba hilo huwekwa chini, na juu yake hutandikwa mpira, pamba au sponji. Mnunuzi akiambiwa godoro ni la makumbi, aulize ni inchi ngapi za makumbi na inchi ngapi za kitu kingine. Godoro la inchi 8 lenye bamba la inchi 1 halistahili kuuzwa kwa jina hilo.

Katani nayo ina nafasi yake. Zao hilo, lililoletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf kwa miche 1,000 ambayo ni 62 tu iliyofika hai, hutengenezewa mablanketi mazito yanayotandikwa juu ya springi ili chuma kisitoboe tabaka za juu. Katika magodoro ya springi ya bei kubwa, kuwapo kwa katani badala ya plastiki ni dalili njema. Lakini ni tabaka la kinga, wala si la kulalia.

Mpira wa utomvu: ghali kwa sababu

Godoro la mpira wa asili ndilo linalouzwa kwa bei ya juu kuliko mengine, na ndilo linaloigizwa zaidi. Utomvu wa mti wa mpira hupigwapigwa na hewa ukawa povu, humiminwa katika kalibu na kupikwa kwa mvuke. Njia hiyo ilibuniwa katika kiwanda cha Dunlop, Birmingham, Uingereza, mwaka 1929, na bado inatumika. Njia ya pili, iitwayo Talalay, hutumia nguvu ya kunyonya hewa na kugandisha povu kwa baridi kabla ya kulipika, na hutoa mpira laini zaidi wenye vitundu vinavyolingana. Mpira wa Dunlop huwa mgumu kidogo na mzito zaidi. Hakuna njia iliyo bora kwa kila mtu. Anayetaka ugumu atapenda ya kwanza, anayetaka ulaini atapenda ya pili.

Bei yake ina sababu. Mti wa mpira huanza kugemwa ukiwa na miaka kama 6 au 7. Utomvu unaotoka mtini ni maji kwa sehemu kubwa. Mpira mkavu ni theluthi moja tu. Godoro lenye kilo 30 za mpira linahitaji karibu lita 90 za utomvu, yaani zaidi ya madumu manne ya lita 20. Tanzania ina mashamba ya mpira, Kihuhwi wilayani Muheza na Kalunga mkoani Morogoro, yaliyoanzishwa kwa ajili ya kiwanda cha matairi cha Arusha. Lakini mpira wa magodoro unaouzwa katika maduka ya hapa hutoka zaidi Asia, na msafara wa baharini na ushuru huingia katika bei.

Udanganyifu hapa ni wa aina tatu. Kwanza, mpira wa asili huchanganywa na mpira wa mafuta ya petroli, lebo ikaandikwa mpira tu. Pili, inchi moja ya mpira hugundishwa juu ya inchi tano za sponji. Tatu, lebo husifia usalama wa kitambaa, mnunuzi akadhani inazungumzia asili ya godoro. Alama ya Oeko-Tex Standard 100, iliyoanza mwaka 1992, huonyesha kwamba bidhaa imepimwa isiwe na kemikali zenye madhara. Haisemi kwamba bidhaa ni ya asili. Alama ya GOLS ndiyo inayohusu mpira wa asili uliolimwa bila kemikali, nayo hudai zaidi ya asilimia 95 ya malighafi iwe ya kilimo hicho. Muuzaji anayedai kuwa nayo aonyeshe cheti chenye jina la kiwanda lililo sawa na lile la lebo.

Mzani hausemi uongo

Wapo wanunuzi wasioweza kusoma vyeti vyote hivyo. Kwao mzani unatosha.

Chukua godoro la futi 5 kwa 6, unene wa inchi 6. Ujazo wake ni futi 15 za ujazo, sawa na takriban meta 0.425 za ujazo. Mpira wa asili wa daraja nzuri huwa na uzito wa kilo 65 hadi 90 kwa meta moja ya ujazo. Kwa hiyo godoro hilo, likiwa mpira mtupu, litakuwa na kilo kama 28 hadi 38 bila kuhesabu kitambaa. Sponji ya kawaida ya nyumbani ni kilo 18 hadi 30 kwa meta ya ujazo. Godoro la ukubwa huohuo litakuwa na kilo kama 8 hadi 13.

Sasa mnunuzi anajua cha kufanya. Godoro linalouzwa kama mpira mtupu likisoma kilo 14, basi huenda ni lile la inchi moja ya mpira juu ya inchi tano za sponji. Hata akiwa hana mzani, kunyanyua kona kunatosha kumtia shaka: godoro la mpira la ukubwa huo halibebwi na mtu mmoja kichwani kwa raha.

Uzito peke yake hauthibitishi kila kitu, kwa sababu mpira wa petroli nao ni mzito na wapo wanaoongeza unga wa madini. Lakini uzito mdogo ni ushahidi usiopingika. Kwa godoro la fundi, utaratibu uwe huu: usufi au pamba ipimwe mbele ya mnunuzi kabla ya kujazwa, katika mzani wenye stika ya Wakala wa Vipimo, kisha ijazwe yeye akiwapo. Bei ikubaliwe kwa kilo, na ushonaji na kitambaa vilipiwe mbali. Wauzaji wanaokataa kutenganisha hesabu hiyo mara nyingi faida yao imo katika kuificha.

Ugumu si ubora

Dhana iliyoenea ni kwamba mgongo ukiuma, dawa ni godoro gumu kama ubao. Utafiti uliofanyika Hispania na kuchapishwa mwaka 2003 katika jarida la kitabibu la The Lancet uliwagawa wagonjwa 313 wa maumivu ya muda mrefu ya kiuno katika makundi mawili: waliopewa magodoro magumu na waliopewa magodoro ya ugumu wa wastani. Baada ya siku 90, waliolalia ya wastani walikuwa na nafuu zaidi.

Sababu inaeleweka. Bega na nyonga ni mizito na imetokeza. Godoro gumu mno huisukuma juu, kiuno kikabaki kinaning'inia. Godoro laini mno huiacha izame, uti wa mgongo ukapinda kama kitanda cha kamba iliyolegea. Linalofaa huruhusu bega na nyonga kuzama kidogo huku likikibeba kiuno.

Jaribio lake ni jepesi. Vua viatu ulale dukani kwa dakika 10 au 15, kwa ubavu kama unalala hivyo nyumbani. Usione haya, fedha ni yako. Lala chali upitishe kiganja chini ya kiuno. Kikipita bila kugusa kitu, godoro ni gumu kwako. Kisipopenya kabisa, ni laini mno. Kikipita kwa kugusana na godoro, hapo ndipo. Mume na mke wajaribu pamoja, kwani wenye uzito tofauti hawazami sawa.

Kwa usufi na pamba, mnunuzi akumbuke kwamba godoro litashuka baada ya miezi ya kwanza na kuwa gumu zaidi. Lijazwe lionekane limenona kupita kiasi siku linapotoka kwa fundi. Vifundo vya uzi vinavyopita juu hadi chini viwe karibu karibu na vivutwe sawasawa, kwani ndivyo vinavyozuia mali kukimbilia pembeni.

Kuna mtu mmoja asiyehusika na hesabu hii ya ulaini, naye ni mtoto mchanga. Huyo alazwe juu ya godoro bapa lisilobonyea, bila mto. Usufi mpya unaofunika mashavu ni hatari kwa pumzi yake.

Chaga, jua na unyevu

Godoro la fedha nyingi juu ya kitanda kibovu ni hasara. Mpira ni mzito na unapinda. Chaga zikiachana utaingia katikati yake. Nafasi kati ya chaga na chaga isizidi inchi 3, na kitanda cha futi 5 au 6 kiwe na mguu wa katikati. Ubao mzima usio na matundu nao haufai katika miji ya pwani, kwa sababu jasho na unyevu hukosa pa kutokea, ukungu ukaota chini.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni jua. Usufi, pamba na makumbi matupu hupenda jua. Yakianikwa na kupigwapigwa kila baada ya wiki kadhaa, nyuzi hufunguka, unyevu hutoka na kunguni hukosa raha. Mpira ni kinyume chake. Jua kali huukausha, ukageuka manjano, ukapasuka na kumomonyoka. Godoro la mpira, pamoja na lile la makumbi yaliyonyunyiziwa mpira, lipungiwe hewa kivulini tu. Mwenye mzio wa mpira asilikaribie bila kumwuliza daktari.

Hesabu ya miaka

Je, godoro la asili linalipa? Tuchukue mfano wa hesabu, ambao si bei za soko bali ni njia ya kufikiri.

Tuseme godoro la sponji ni shilingi 200,000 na linadumu miaka 4. Gharama yake ni shilingi 50,000 kwa mwaka. Tuseme godoro la usufi safi ni shilingi 450,000, hufumuliwa na kuongezewa mali kila baada ya miaka 3 kwa shilingi 60,000, na linadumu miaka 12. Litafumuliwa mara tatu, jumla shilingi 630,000, yaani 52,500 kwa mwaka. Tuseme la mpira ni shilingi 1,500,000 na linadumu miaka 15: shilingi 100,000 kwa mwaka.

Katika mfano huu usufi hauna tofauti kubwa na sponji, na mpira ni mara mbili. Lakini badilisha kitu kimoja tu: usufi huo uwe umechanganywa na taka, ukatupwa baada ya miaka 3. Gharama yake inaruka hadi shilingi 150,000 kwa mwaka, yaani kuzidi hata mpira. Godoro la asili lisilo safi ndilo ghali kuliko yote, na kwa fedha hiyo sponji nzito ya kiwanda kinachoaminika ingekuwa ununuzi bora.

Mwenye nyumba ya wageni apige hesabu hiyo mara ya idadi ya vyumba vyake, kisha aongeze jambo moja: usufi na pamba huhitaji mtu wa kuanika na kupindua. Asiye na uwanja wala mfanyakazi wa kazi hiyo achague mpira au springi yenye katani.

Kabla ya kutoa fedha

Mnunuzi aingie dukani au kwa fundi akiwa na maswali haya:

1. Ndani kuna nini, na kila tabaka ni inchi ngapi?

2. Kuna kilo ngapi za kila kitu, na mzani uko wapi?

3. Naweza kuona mali kabla ya kushonwa, au kuna zipu ya kufungua?

4. Likishuka, nani atalifumua na kwa bei gani?

5. Haya yote yataandikwa kwenye risiti?

Swali la tano ndilo lenye meno. Risiti iliyoandikwa "godoro 1" haimsaidii mtu. Risiti iliyoandikwa aina ya mali, unene na kilo ni mkataba. Mwenye nayo anaweza kurudi dukani, na akikataliwa anaweza kulifikisha suala lake kwa Tume ya Ushindani, ambayo sheria ya mwaka 2003 inaitaka imlinde mlaji dhidi ya wauzaji wanaodanganya kuhusu bidhaa zao. Muuzaji akisita kuandika kilo, mnunuzi asisite kuondoka.